Video inatazamwa na watu kibao, wateja hawaji. Shida iko wapi?

#1 Fundi wa Keko
Wakuu, habari za jioni. Niende kwenye mada.

Nina karakana ya samani Keko, tunatengeneza vitanda, makabati na makochi. Mwaka jana kijana wangu mmoja alianza kurekodi kazi kwa simu na kuzirusha TikTok na Instagram. Kuna klipu anapiga randa ubao wa mninga mpaka ule wekundu wake unatokea, maranda yanajikunja chini. Ilitazamwa na watu zaidi ya laki mbili. Maoni hayahesabiki: "kazi safi", "mashallah", "fundi uko vizuri". Oda iliyotokana na hiyo klipu sijaiona hata moja.

Kuna nyingine ya kawaida sana. Nimesimama mwenyewe mbele ya kitanda cha tano kwa sita, nasema ni mbao gani, chaga ziko ngapi, godoro la inchi ngapi linakaa vizuri, na bei. Waliotazama hawafiki elfu moja. Hiyo ndiyo iliyoleta watu karakana, mmoja alishuka kwenye bodaboda klipu bado inacheza mkononi.

Sasa nikiangalia hizi kozi za "video kwa wajasiriamali", zote zinafundisha namna ya kutazamwa na wengi. Msimamo wangu: kwa biashara ndogo kama zetu, idadi ya watazamaji na mauzo ni vitu viwili visivyojuana. Anayebisha alete hoja. Mwenye maelezo ya kwa nini iko hivi anisaidie, maana bando nanunua mimi na muda wa kijana nalipa mimi.

#2 Mtoto wa Temeke
Naweka kambi. Nina kibanda cha viatu Tandika, nataka kuanza hizi video. Wajuzi waje.

#3 Dada wa Mkunguni
Fundi, ingia kwenye takwimu za akaunti uangalie watazamaji wako wanatoka nchi gani na miji gani. Mimi nauza vitenge Kariakoo. Klipu yangu moja ilipaa nikashangilia, kumbe wengi wako Nigeria na Kongo. Wananipongeza, wanauliza bei kwa dola, na wanachotaka ni doti mbili. Kutuma kunazidi bei ya kitenge.

Randa na mninga mtu yeyote duniani anatazama, lugha haihitajiki. Ile ya bei uliongea Kiswahili na ukataja godoro. Aliyekaa mpaka mwisho ni mtu anayetafuta kitanda.

#4 Jicho la Tatu
Nakazia. Mfano mkubwa tunao hapahapa nyumbani: Kili Paul, kijana wa Kimasai aliyejulikana 2020 kwa kuigiza nyimbo za Kihindi na dada yake. Mashabiki wake wengi wako India. Angekuwa anauza maziwa kijijini kwao, wasingemsaidia hata lita moja.

#5 Kipimajoto
Jicho la Tatu, rekebisha mwaka. Walipaa mwishoni mwa 2021. Februari 2022 Ubalozi wa India hapa Tanzania ulimtunuku, na mwezi huohuo Waziri Mkuu Modi akamtaja yeye na dada yake Neema kwenye hotuba yake ya redio. Kwake mashabiki wa mbali ni mtaji kwa sababu mapato yake ni matangazo na mialiko. Fundi anauza kitu ambacho lazima kipakiwe kwenye Kirikuu, kile kigari cha mizigo.

La pili, hiyo laki mbili yenyewe uielewe. TikTok wanahesabu mara tu klipu inapoanza kucheza. YouTube nao tangu Machi 31, 2025 wanahesabu Shorts hivyohivyo. Zamani ilibidi mtu atazame kidogo kwanza. Facebook mwaka 2016 walikiri kwamba wastani wa muda wa kutazama video waliokuwa wakiwaonyesha watangazaji ulikuwa umevimba, kwa sababu hawakuwaweka kwenye hesabu waliotazama chini ya sekunde 3. Kwa hiyo katika laki mbili zako wamo waliopita tu na kidole. Angalia muda wa kutazama, walioihifadhi, na waliomtumia mtu mwingine. Mtu akimtumia mke wake klipu ya kitanda, hapo pana mteja.

#6 Mama Chachandu
Wanangu, mimi ni mama wa Tanga, natengeneza chachandu na achari ya embe. TikTok nimeiacha kwa vijana. Mimi ni stetasi ya WhatsApp tu, kila asubuhi.

Mnajua siri yake? Stetasi yangu anaiona mtu ambaye namba yangu kaihifadhi na mimi yake nimeihifadhi. Hawa ni watu wa harusini, kikoba, msikitini, wazazi wa shule. Wananijua. Narekodi nikikaanga vitunguu, mafuta yanalia, kisha naonyesha chupa zilizobaki mezani. Sisemi sana. "Zimebaki hizi, nyingine Alhamisi." Kabla ya adhuhuri zimekwisha.

Video haiwezi kumfanya mtu asiyekujua akuamini. Inamkumbusha anayekujua.

#7 Bei Mezani
Jamani, sababu iko wazi kwenye #1 yenyewe. Klipu moja ina bei, nyingine haina. Mwisho wa mjadala.

Kitu kinachoua biashara za mtandaoni Tanzania ni "bei njoo inboksi". Mtu kaona shati, kalipenda, pesa anayo. Mnamlazimisha aandike, asubiri, ajibiwe saa tatu usiku "habari dear, karibu". Pesa imeshakula chipsi! Muuza nyanya sokoni anapanga mafungu na bei inajulikana. Ninyi mna nini cha kuficha?

#8 Winga Mwaminifu
Bei Mezani, punguza jazba. Mimi ni winga Kariakoo, yaani nauza bidhaa za maduka ya wengine, mitaa ya Msimbazi na Kongo, naomba nieleze upande wetu. Bei haifichwi kwa uchoyo. Ya jumla na ya rejareja ni mbili tofauti. Mteja wa Songea anayechukua dazeni akiona bei ya kipande kimoja anapita, hajui angepewa punguzo. Mzigo ukipanda wiki ijayo, klipu ya mwezi uliopita bado inazunguka na mtu atakuja kukugombeza na bei ya zamani. Halafu jirani yako naye ana simu. Ukiweka 25,000, jioni yeye anaweka 24,000 kwa mzigo uleule.

Mtu akiniandikia inboksi napata namba yake. Namba ndiyo biashara.

#9 Dada wa Mkunguni
Winga umenigusa penyewe. Mawinga ndio mnaotuharibia hizi video. Unaingia dukani kwangu, "dada naomba nirekodi kidogo", nakukubalia kwa wema. Baadaye nakuta klipu ya kitenge changu kwenye akaunti yako na bei imeongezwa, tena ukisema "dukani kwetu". Mteja akija mwenyewe Kariakoo akikuta bei yangu ni ndogo, anadhani aliyemtapeli ni mimi.

#10 Winga Mwaminifu
Dada, wapo wa hivyo, siwatetei. Lakini wangapi mmeuza mzigo ukaisha kwa sababu winga aliurusha? Duka liko ghorofa ya tatu, ndani ya korido, bila sisi nani angepanda? Mimi nikirekodi naomba ruhusa na nasema wazi kwamba bei yangu ina gharama ya kukutafutia na kukupakilia.

#11 Mtoto wa Temeke
Hapa pamenoga. Dada vs Winga raundi ya pili 😂

#12 Fundi wa Keko
Asanteni wote. Nimeangalia takwimu kama alivyosema Dada #3. Klipu ya randa: Watanzania ni sehemu ndogo, kuna Brazil, Indonesia, Marekani. Klipu ya bei: karibu wote ni Tanzania, na Dar inaongoza. Hoja ya mahali naikubali.

Ila Bei Mezani, kuna klipu nyingine tatu za bei na hazikuleta mtu. Kwa hiyo bei peke yake haitoshi. Mama wa Tanga, shikamoo. Hoja yako ya watu wanaokujua inanisumbua, kwa sababu yule wa bodaboda sikuwa namjua kabisa.

#13 Mtu wa Mvita
Salaamu kutoka Mombasa. Mimi hushona kanzu na kuuza kofia. Naona mwazunguka shina la jambo: ni hofu. Mtu akishatapeliwa mara moja mtandaoni, ama nduguye akitapeliwa, klipu nzuri ndiyo humtia shaka zaidi.

Nilichofanya mimi ni kurekodi kifurushi. Naonyesha kanzu ikikunjwa, ikitiwa mfukoni, mpaka kaunta ya basi wakiandika risiti ya mzigo. Jina na namba ya mteja naziziba kwa kidole. Hizo klipu hazina mapambo yoyote wala haziendi mbali, lakini watu wa Nairobi na Kisumu hunipigia wakisema, "nimekuona ukituma." Pia nalipwa kwa namba ya biashara, jina la duka latokea kwenye simu ya mteja kabla hajabonyeza. Akitumiwa namba ya mtu binafsi yenye jina lisilofanana na duka, ana haki ya kukimbia.

#14 Mnunuzi wa Dodoma
Ngojeni na sisi wanunuzi tuseme, maana mnatujadili kama hatupo.

Niliagiza meza ya TV niliyoiona kwenye video, sitataja duka. Iliyokuja ilikuwa MDF (ubao wa unga wa mbao uliogandamizwa) nyembamba, kwenye video ilikuwa inang'aa kama jiwe. Nilipolalamika nikazuiwa namba. Tangu hapo nina vigezo vyangu. Nataka kusikia kelele za mahali: mashine, muuza kahawa, majirani. Video yenye muziki mwanzo mwisho naipita, sijui wanaficha nini. Nataka kuona nyuma na chini ya kitu, siyo mbele tu. Nataka mtu aweke futi pale nione namba. Droo aivute mpaka mwisho aisukume. Na nisikie mtaa unatajwa, "tuko Keko, karibu na kitu fulani", hata kama sitakuja.

Fundi, naweka dau: kwenye ile klipu yako iliyoleta watu ulitaja mahali mlipo.

#15 Fundi wa Keko
#14 nimerudi kuitazama. Nilitaja. Na kwenye zile tatu sikutaja, zilirekodiwa na kijana ndani, ukutani hakuna hata kibao.

#16 Bei Mezani
Na bei ilikuwepo vilevile!

#17 Fundi Barafu
Nipo Arusha, natengeneza friji na mashine za kufulia. Niongeze jambo ambalo halijaguswa: anayetafuta na anayepitapita ni watu wawili.

Sirushi vichekesho. Narekodi ugonjwa. "Friji linawaka taa lakini haligandishi, angalia hivi." Naonyesha mpira wa mlango umechoka, nafunga karatasi kwenye mlango, naivuta, ikitoka kirahisi mpira hauzibi. Naonyesha koili ya nyuma ilivyojaa vumbi na jinsi ya kuisafisha. Naweka YouTube kwa kichwa cha habari kilekile ambacho mteja angeuliza kwa mdomo wake. Miezi inapita, mtu friji lake limekufa usiku, anaandika swali Google, ananikuta. YouTube ni mali ya Google tangu 2006, kwa hiyo video zinajitokeza kwenye majibu. Huyo hana muda wa kulaiki. Anapiga simu.

Watu wananiuliza, unafundisha bure utakula nini? Anayeweza kubadilisha mpira mwenyewe abadilishe, Mungu ambariki. Compressor ikifa ananitafuta mimi, kwa sababu alishaniona nikisema ukweli kwamba tatizo lake la kwanza halikuhitaji fundi.

#18 Jicho la Tatu
Fundi Barafu hii ya karatasi nimeijaribu sasa hivi. Karatasi imetoka. Nipo Dar, naletaje friji Arusha?

#19 Fundi Barafu
Usilete. Mpira ukiwa umepasuka tafuta mwingine wa modeli yako, na kama haujapasuka, uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kwanza. Mara nyingi ni uchafu.

#20 Mwanasheria Mtaani
Nachomekea mambo mawili, watu msije mkapata shida.

Moja, sura za wateja. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Msirushe mteja akilipa au akijaribisha nguo bila ridhaa yake. Mwombeni, na akisema futa, futeni. Mtu wa Mvita kuziba jina na namba amefanya jambo la maana sana.

Mbili, muziki. Akaunti ya biashara ya TikTok ina maktaba yake ya nyimbo zilizoruhusiwa kwa matangazo. Ukitumia wimbo wa msanii bila kibali klipu inaweza kunyamazishwa. Kwa kauli ya #14, sauti ya karakana inatosha.

#21 Mtoto wa Temeke
Na leseni ya TCRA, mamlaka ya mawasiliano, je? Nasikia ukirusha video lazima ulipie.

#22 Mwanasheria Mtaani
Kanuni za maudhui ya mtandaoni zilikuja 2018, zikaandikwa upya 2020, na zimerekebishwa baadaye. Walioguswa zaidi ni blogu, redio na televisheni za mtandaoni. Kijana anayeonyesha viatu vyake mwenyewe siyo kituo cha televisheni. Ila usichukue neno langu la humu ukafungulia kipindi cha mahojiano. Ukifika huko nenda ofisi ya kanda ya TCRA ukaulize.

#23 Kipimajoto
Mimi napinga wote kidogo. Mnatafuta sababu ndani ya klipu, na huenda haiko humo. Kitanda mtu hununua anapooa, anapohama, au cha zamani kikivunjika. Aliyetazama randa mwezi wa pili anaweza kununua mwezi wa kumi na mbili, akaja Keko akasema tu "nimepita". Fundi hutajua kamwe kwamba ni randa iliyomleta. Chachandu inaisha kila wiki, ndiyo maana Mama anaona matokeo kabla ya adhuhuri. Hatuwezi kupima samani na chachandu kwa kipimo kimoja cha muda.

#24 Fundi wa Keko
Basi dawa ni kuuliza. Nimemwambia kijana aweke daftari mlangoni: kila anayeingia aulizwe ametujuaje, iandikwe, hata asiponunua.

#25 Winga Mwaminifu
Watu huwa wanajibu "mtandaoni" tu, hawakumbuki klipu. Waulize walikuwa wanatafuta nini. Hilo wanakumbuka.

#26 Bibi Harusi Mtarajiwa
Samahani natoka nje ya mada. Fundi, yule mninga wa kwenye klipu ni mninga kweli? Baba yangu ni mtu wa Tabora anasema mafundi wa Dar wanapaka rangi mbao nyingine.

#27 Nyundo ya Mbao
Baba yako asikilizwe. Mti mwingine ukipigwa vanishi nyekundu huutambui kwa video. Fundi thibitisha 😀

#28 Fundi wa Keko
Swali halali. Mninga ukiukwangua chini ya vanishi ni kahawia inayoelekea wekundu mpaka ndani, haiishii juu. Ukikata mti mbichi unatoa utomvu mwekundu kama damu. Sifa yake kubwa ni kwamba ukikaushwa vizuri haujikunji wala kusinyaa ovyo, ndiyo maana milango yake inadumu. Pia ni mzito kuliko paina, ukinyanyua upande mmoja wa kitanda unajua. Njoo na baba, tutakwangua mbele yake.

#29 Mnunuzi wa Dodoma
Fundi!! Hiyo ndiyo video. Unakwangua ubao mbele ya kamera unaonyesha rangi ya ndani. Mbona unawaandikia watu wachache humu wakati ndiyo kitu tunachokiogopa sote?

#30 Mama Chachandu
Umesema kweli mwanangu. Na baba wa Tabora awemo, akikubali.

#31 Dada wa Mkunguni
Mwanasheria kasema ridhaa kwanza 😂

#32 Mzee wa Kebo
Nimechelewa, nimesoma yote. Msisahau jambo moja. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, intaneti ikasuasua nchi nzima. Mimi nauza vipuri vya pikipiki Morogoro, oda zangu nyingi zilikuwa zinaingia Instagram. Siku zile sikuuza kitu, wakati jirani yangu mwenye daftari la namba za mafundi alikuwa anapiga simu za kawaida na mzigo unaondoka. Mteja aliye kwenye akaunti yako ni wa kampuni ya mtandao mpaka upate namba yake. Kwa hilo namuunga mkono Winga #8, ingawa bei naye aiweke wazi.

#33 Bei Mezani
Mzee, namba unaweza kuipata ukiwa na bei juu ya klipu. Kimoja hakizuii kingine.

#34 Winga Mwaminifu
Akishajua bei akupigie ya nini?

#35 Bei Mezani
Kuagiza!

#36 Mtu wa Mvita
Hapa mngejaribu tu. Klipu ileile, wiki moja na bei, wiki nyingine bila.

#37 Kipimajoto
Wiki zenyewe ziwe sawa. Usilinganishe tarehe 28 mishahara imetoka na tarehe 15.

#38 Mtoto wa Temeke
Mimi nitajaribu na raba za mtumba, kila jozi bei yake. Swali la vifaa: ninunue ile taa ya duara au nianze hivihivi? Kibanda changu kina giza.

#39 Fundi Barafu
Usinunue kwanza. Toa viatu mlangoni asubuhi kabla jua halijawa kali, simama mgongo ukiwa upande wa nje ili mwanga uangukie kiatu. Futa kioo cha kamera kwa kitambaa safi, simu zetu zina mafuta ya vidole. Sauti tumia earphone zenye maiki, ishike karibu na kidevu. Kiatu kikunje, onyesha soli, onyesha ndani palipoandikwa saizi.

#40 Mtoto wa Temeke
Na doa likiwepo nilionyeshe?

#41 Mnunuzi wa Dodoma
Lionyeshe la kwanza kabisa. Na kama una saizi 38 isiyo na kisigino, nitumie ya basi, nitalipia mizigo.

#42 Winga Mwaminifu
Umeona dogo? Klipu hujarekodi, bei hujataja, mteja kaja.

#43 Dada wa Mkunguni
Kaja kwa sababu kauliza kuhusu doa.

#44 Mtoto wa Temeke
38 zipo mbili, nyeusi na ya kijivu. Nyeusi ina mchubuko kisiginoni. Kesho saa mbili asubuhi nazirekodi mlangoni nikutumie.